Jumapili ya Kuwaombea Wakristo wa Beni na Ituri: Mwongozo Kamili kwa Wanaojitolea

Makanisa mengi duniani huitenga Jumapili moja ya Novemba, aghalabu ya kwanza, kuliombea Kanisa linaloteswa. Katika sharika na parokia nyingi za Afrika Mashariki siku hiyo hupita na sala ya dakika mbili kwa "ndugu zetu wanaoteswa huko duniani", kisha matangazo yanaendelea. Mwongozo huu ni wa mtu au kikundi kidogo kinachotaka kufanya zaidi ya hapo: kuandaa Jumapili yenyewe, kukusanya mchango unaofika, na kuendelea hadi Novemba nyingine.

Tumeuelekeza Kongo mashariki, yaani Beni, Lubero na Ituri. Wakristo wa huko wengi husali kwa Kiswahili, nchi yao imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, na bado waumini wetu wengi wamesikia habari za Nigeria na Pakistani kuliko za hawa jirani. Hatua ni zile zile hata mkichagua nchi nyingine, na pale zinapobadilika tumesema.

Kuna sharti moja linalotawala kila hatua: anayeteswa asiumizwe tena na msaada wetu. Idadi iliyotiwa chumvi, picha iliyorushwa bila ruhusa, mchango usio na risiti, madhara ya vyote hivyo humwangukia yeye. Aliyeshika kipaza sauti hurudi nyumbani salama.

Jueni kwanza mnamzungumzia nani

Msianze na bango. Anzeni kwa kusoma, wiki mbili nzima, mpaka kila mwanakamati aweze kueleza yafuatayo bila karatasi.

Kundi linalohusika zaidi ni la waasi wa ADF (Allied Democratic Forces). Lilianzia Uganda katika miaka ya 1990, likajichimbia upande wa Kongo wa milima ya Rwenzori, na tangu Oktoba 2014 limekuwa likiua raia kwa mfululizo kuzunguka mji wa Beni. Tangu 2019 linatambuliwa na kundi linalojiita Dola la Kiislamu kama tawi lake la Afrika ya Kati. Majeshi ya Uganda na Kongo yanalipiga kwa pamoja tangu mwisho wa Novemba 2021, na moja ya matokeo yake ni kwamba wapiganaji wamesambaa kuelekea magharibi na kaskazini, wakaingia vijiji vya Lubero na Ituri ambavyo zamani havikuguswa.

Matukio matatu mnapaswa kuyajua vizuri. Tarehe 15 Januari 2023 bomu lililipuka katika kanisa la Kipentekoste mjini Kasindi, mpakani na Uganda, watu wakiwa kwenye ubatizo. Waliokufa hawapungui 14. Usiku wa kuamkia 27 Julai 2025 wapiganaji waliingia katika kanisa Katoliki la Komanda, takriban kilomita 75 kutoka Bunia, waumini wakiwa kwenye mkesha, wakaua watu zaidi ya 40, watoto wakiwamo. Septemba mwaka huo huo, huko Ntoyo katika wilaya ya Lubero, waliwavamia watu waliokuwa matangani na kuua zaidi ya 60.

Sasa sehemu inayowakosesha wengi. Kongo mashariki ina vita zaidi ya moja, na si kila Mkristo anayeuawa huko ameuawa kwa ajili ya imani yake. Waasi wa M23, walioingia Goma Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, wanapigania mambo mengine. Kuwaweka kwenye bango la "wanaoua Wakristo" ni kosa. Wanamgambo wa CODECO wa Ituri wanashambulia makambi ya wakimbizi wa ndani kwa uhasama wa kikabila na ardhi. Hata ADF mara nyingi huua wakulima shambani kwa kulipiza kisasi au kupora chakula, bila kumuuliza mtu dini yake. Wote hao tunawaombea. Lakini mkisema "Wakristo 70 wameuawa kwa sababu ya imani" na mtu wa Lubero aliyekaa benchi la nyuma anajua ilikuwa vinginevyo, hamtaaminiwa tena, na yeye atajiona ametumiwa.

Namna salama ya kusema: tajeni nani aliua, wapi, lini, watu walikuwa wakifanya nini, na kama waliofanya hivyo wametangaza sababu. Kisha nyamazeni.

Ruhusa, na timu ya watu sita

Hesabuni wiki kumi kurudi nyuma kutoka Jumapili yenu. Kwa ya kwanza ya Novemba, mnaanza mwishoni mwa Agosti. Mpelekeeni mchungaji au Baba Paroko barua ya ukurasa mmoja yenye mambo manne: Jumapili mnayoomba, dakika mnazohitaji ndani ya ibada, kama kutakuwa na mchango maalumu, na utapitia kwa nani. Msimvizie mlangoni baada ya ibada. Anatakiwa kulipeleka jambo hili kwa wazee wa kanisa au halmashauri ya parokia, na mchango maalumu mara nyingi unahitaji baraka ya dayosisi au jimbo, ambako kikao ni cha mwezi kwa mwezi. Wengi hushindwa hapa: wanaomba Oktoba, wanajibiwa Desemba.

Timu ya watu sita inatosha. Mratibu, katibu, mweka hazina, ambaye asiwe ndugu wa mratibu, mhakiki wa habari, mtu wa sauti na picha, na kiongozi wa maombi. Nafasi ya mhakiki ndiyo inayorukwa, na ndiyo yenye thamani kuliko zote. Mpeni mtu mbishi, asiyekubali jambo upesi, na mumpe mamlaka ya kusema "hili halitoki" hata kama mratibu amelipenda. Kama kuna anayesoma Kifaransa, mwombeni amsaidie, maana taarifa nyingi za kwanza kutoka Kongo hutoka kwa lugha hiyo.

Karatasi ya ukweli

Mhakiki aandae karatasi moja, pande mbili, ambayo kila tangazo, hubiri na ujumbe wa WhatsApp utachota humo. Kila tukio liwe na mstari wenye mahali, tarehe, aliyetuhumiwa, idadi, chanzo cha kwanza, chanzo cha pili, na siku mliyosoma. Tukio lisilo na vyanzo viwili vinavyojitegemea haliingii. Magazeti matano yaliyonakili shirika moja la habari ni chanzo kimoja.

Vyanzo vya kuanzia: Radio Okapi, ambayo ina matangazo ya Kiswahili pia, taarifa za MONUSCO (ujumbe wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo) na za ofisi ya haki za binadamu ya Umoja huo, matamko ya maaskofu Wakatoliki wa Kongo na ya muungano wa makanisa ya Kiprotestanti, idhaa ya Kiswahili ya Radio Vatikani. Orodha ya nchi ambako Wakristo wanateswa zaidi, itolewayo kila Januari na shirika la Open Doors, inafaa kuonyesha picha ya dunia. Ile ya 2025 ilitaja Wakristo zaidi ya milioni 380 wanaokabiliwa na viwango vya juu vya mateso na ubaguzi. Mkiitumia namba hiyo, semeni wazi kwamba inajumlisha mengi, kuanzia kunyimwa kazi hadi kuuawa. Anayesikia "milioni 380 wanauawa" amedanganywa.

Komanda inafundisha jinsi idadi zinavyotembea. Taarifa za asubuhi ile zilitaja waliokufa ishirini na kitu. Baadaye zikapanda kupita thelathini. Kisha MONUSCO ikatoa hesabu ya 43, wanawake 19, wanaume 15 na watoto 9. Aliyerusha namba ya kwanza hakusema uongo, ila aliyeendelea kuirusha wiki mbili baadaye alikuwa mvivu. Andikeni "hawapungui" siku za mwanzo, na mrudi kurekebisha baada ya siku saba. Na kuna Kasanga, Lubero, Februari 2025: habari ya maiti takriban 70 zilizokutwa ndani ya kanisa ilizunguka dunia kwa siku chache, wakati taarifa zilitofautiana juu ya nani aliuawa, wapi na lini. Habari ya namna hiyo iwekeni kwenye karatasi pamoja na tofauti zake, au iacheni.

Picha ni hatari zaidi ya maneno. Kabla ya kutumia yoyote, ipitisheni kwenye Google Lens muone imewahi kutokea wapi. Picha za maiti za vita vya zamani, hata za nchi nyingine, hurudishwa kila baada ya shambulio. Hata ikiwa ya kweli, picha ya maiti haionyeshwi kanisani. Yule ni mtoto wa mtu. Tumieni ramani, picha ya jengo, mikono, au mishumaa.

Ushuhuda wa mtu aliyepitia

Hakuna kitu kinachoamsha kanisa kama sauti ya mtu mwenyewe, na hakuna kitu kinachoharibika kirahisi hivyo.

Kama mnamwalika mkimbizi, jueni kwanza sheria za mahali. Tanzania mkimbizi wa Nyarugusu hatoki kambini bila kibali. Kuomba kunachukua muda, na akitoka bila hicho ni yeye atakayekamatwa, si ninyi. Kenya nako wa Kakuma anahitaji hati ya kusafiria. Uganda wakimbizi husafiri kwa uhuru zaidi. Pengine iliyo rahisi ni familia ya Kikongo inayoishi mjini kwenu, inayosali nanyi kila wiki na ambayo hakuna aliyewahi kuiuliza kitu.

Mratibu amwendee nyumbani, akiwa na mtu wa jinsia ya huyo anayealikwa, wiki sita kabla. Mwelezeni ibada itakuwaje, watu wangapi, kama kuna kamera. Mwachieni wiki moja afikiri, na mumwambie waziwazi kwamba akikataa hakuna kitakachobadilika, wala mgao wake wa chakula wala nafasi yake kwaya. Akikubali:

Yeye ndiye anachagua aseme nini na aishie wapi. Pangeni naye maswali matatu, ayaone mapema. Msiulize waliuaje, walimfanyia nini mwilini, au aliona nini. Ulizeni: "Kanisa lenu lilikuwaje kabla? Nini kiliwashikilia mlipokimbia? Mnataka tuwaombee nini?"

Jina libadilishwe, kijiji kisitajwe, na njia aliyopitia isisemwe. Ana ndugu waliobaki kule, na simu za waumini zinarekodi. Mchungaji aombe simu zizimwe, na mashemasi wasimame kuangalia.

Nauli na chakula cha mchana apewe kabla ya ibada, iwe azungumze au asizungumze. Asisimamishwe karibu na kapu la sadaka.

Baada ya kushuka mimbarini asiachwe peke yake. Mtu anayemwamini aketi naye saa nzima, na siku ya tatu mumpigie, kwa sababu usingizi wa mtu wa namna hiyo unaweza kuharibika siku zinazofuata. Wala msimwahidi mtu kumtafutia makazi Ulaya au Kanada. Hamna uwezo huo.

Kama hapatikani mtu, someni ushuhuda uliokwisha chapishwa na kanisa la Kongo lenyewe. Msomaji awe na sauti tulivu. Igizo la waasi na panga mbele ya madhabahu liacheni kabisa. Aliyeponea chupuchupu anaweza kuwa ameketi safu ya tatu.

Picha na sauti mnazopokea kutoka Beni nazo zina siri ndani. Picha iliyotumwa WhatsApp kama "hati" hubaki na alama ya mahali ilipopigwa. Ikitumwa kama picha ya kawaida alama hiyo huondolewa. Waelezeni wanaowatumia. Na kumbukeni sheria za kulinda taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022: dini ya mtu ni taarifa nyeti, kwa hiyo ruhusa yake iwe ya maandishi na itunzwe na katibu.

Ibada yenyewe

Ombeni dakika 40, si zaidi. Ramani na maelezo, dakika 4. Ushuhuda, 7. Mahubiri, 14, Waebrania 13:3 na 1 Wakorintho 12:26 hutosha kwa msingi, na mchungaji apewe karatasi ya ukweli wiki tatu kabla, sio Jumamosi jioni. Maombi, 10. Sadaka na maelekezo, 5.

Ramani iwe bango la angalau mita moja kwa moja na nusu, lenye majina machache: Bunia, Komanda, Beni, Butembo, Kasindi, Ziwa Edward, na mji wenu wenyewe pembeni ili mtu aone umbali. Video, kama ipo, isizidi dakika 3, iwe kwenye flashi, na ijaribiwe Jumamosi kwenye projekta ile ile. Kutegemea intaneti kanisani ni kutafuta aibu. Umeme ukikatika, mwe na nakala ya karatasi inayosomeka.

Gawanyeni maombi katika sehemu nne za dakika mbili na nusu, kila moja na kiongozi wake: waliofiwa, waliotekwa, wachungaji, mapadri na makatekista wanaobaki na watu wao, na wauaji wenyewe. Hii ya nne watu huikwepa. Semeni basi ukweli mmoja kabla ya kuomba: ADF hubeba watoto na vijana kwa nguvu na kuwafanya wachukuzi na wapiganaji. Baadhi ya wanaoshika panga leo walitekwa wakiwa watoto. Wakitajiwa hivyo waumini huweza kuomba.

Watoto wawe na somo lao nje. Hakuna maelezo ya mauaji kwa walio chini ya miaka 12. Wafundisheni mahali Beni ilipo, wimbo mmoja wa huko, na wachore kadi ya salamu isiyo na jina la shule wala namba ya simu.

Fedha

Jibuni swali moja kwanza: nani atapokea? Mpokeaji sahihi ni chombo cha kanisa chenye akaunti, ofisi na mtu wa kuulizwa: Caritas ya jimbo la Butembo-Beni au la Bunia, dayosisi ya Kianglikana, au jumuiya ya Kiprotestanti iliyo ndani ya muungano wa kitaifa. Mfike kwake kupitia ofisi yenu ya dayosisi au jimbo. Msitume kwa simu kwa mtu binafsi mliyemjua mtandaoni, hata akiwatumia picha za yatima kila siku. Baada ya kila shambulio matapeli huamka kabla ya mashirika. Mwombeni mpokeaji barua yenye mhuri inayoeleza fedha itafanya nini. Benki yenu pia itaitaka, maana fedha inayokwenda Kongo mashariki huchunguzwa.

Ulizeni benki ya mpokeaji iko mji gani. Za Goma zilifungwa M23 walipoingia Januari 2025, kwa hiyo akaunti ya Goma inaweza kukaa na fedha yenu bila mtu kuigusa. Ada ya kutuma nje nayo huwa na kiwango cha chini, kwa hiyo mchango mdogo unaliwa. Unganeni sharika tatu au nne mtume mara moja. Na ikitokea mjumbe halali anabeba dola taslimu, noti ziwe mpya: Kongo dola yenye mchaniko mdogo tu ukingoni hukataliwa sokoni.

Wapeni waumini kitu cha kukishika. Familia ya watu watano kwa mwezi inahitaji takriban unga kilo 60, maharage kilo 12, mafuta ya kula lita 5, chumvi robo tatu ya kilo, na sabuni kilo mbili na robo. Unga ukiwa wa muhogo, kama ilivyo kawaida kule, ongezeni maharage, kwa sababu muhogo hauna protini ya kutosha. Mwulizeni mpokeaji bei za Butembo au Bunia za wiki hiyo, mpige hesabu, na mwandike kwenye bango: kiasi hiki kinalisha familia moja mwezi mmoja. Wakimbizi wengi wa ndani huko hawako kambini, wamepokewa na familia zilizokuwa maskini tayari. Chakula kinachofika kwa mgeni peke yake huleta ugomvi, kwa hiyo mwombeni mpokeaji aingize na mwenyeji.

Nguo za mitumba msikusanye. Najua hili linawauma akina mama waliokwisha kufunga mabunda, lakini usafiri, ushuru wa mpakani na msindikizo wa njia vinagharimu kuliko nguo zenyewe, na soko la Butembo lina mitumba. Uzeni hapa, tumeni fedha.

Siku ya sadaka, watu watatu wasio wa nyumba moja wahesabu hapo hapo kanisani kabla ya yeyote kutoka. Karatasi ya hesabu iorodheshe kila aina ya noti na idadi yake, sarafu kivyake, jumla kwa tarakimu na kwa maneno, na sahihi tatu. Jumla itangazwe ibada haijafungwa. Michango ya simu ipitie lipa namba au paybill iliyosajiliwa kwa jina la kanisa. Namba ya mweka hazina haitumiki, hata kwa "leo tu". Kesho yake fedha iende benki yote. Gharama za bango na nauli zitoke kwenye mfuko mwingine uliochangwa na timu, zisikatwe humu. Kama mtakusanya nje ya kanisa, sokoni au barabarani, ulizeni kwanza kibali ofisi ya wilaya na polisi.

Ndani ya siku 60 ibandikeni taarifa kwenye ubao wa matangazo: tulipata kiasi gani, ada ya benki, kiasi kilichotumwa, risiti ya mpokeaji. Risiti isipofika, bandikeni kwamba haijafika. Mwaka wa pili wa mchango hutegemea karatasi hii kuliko hubiri lolote.

Barua

Hili watu hulidharau, na halina gharama. Kila nchi ya Jumuiya ina wabunge tisa katika Bunge la Afrika Mashariki, Arusha. Waandikieni wa kwenu, na mbunge wa jimbo lenu. Ukurasa mmoja: aya ya kwanza ninyi ni nani na mko wangapi, ya pili tukio moja lenye tarehe na mahali, ya tatu ombi moja tu linalowezekana, kwa mfano ulinzi wa wakulima msimu wa mavuno, au njia salama ya kupitishia misaada. Ombi la jumla kama "komesheni vita" halina pa kujibiwa. Mchungaji atie sahihi, mhuri ugongwe, nakala ibaki. Baada ya siku 30 bila jibu, andikeni tena mkitaja tarehe ya barua ya kwanza.

Mkichagua Eritrea badala ya Kongo, barua ndiyo inakuwa kazi kuu. Tangu 2002 serikali huko inatambua Waorthodoksi, Wakatoliki, Walutheri na Waislamu wa Sunni peke yao. Wachungaji Haile Nayzgi na Kiflu Gebremeskel wako kizuizini tangu Mei 2004 bila kufikishwa mahakamani, na Patriaki Abune Antonios wa Kanisa la Orthodoksi alikufa 2022 akiwa katika kifungo cha nyumbani. Kadi kwa mfungwa wa huko haifiki, na inaweza kumletea shida. Andikieni ubalozi kwa heshima, majina yaliyokwisha tangazwa hadharani tu, na nguvu nyingine wekeni kwa wakimbizi wa Eritrea walioko Nairobi na Kampala.

Majirani zetu Waislamu

Wiki tatu kabla, mchungaji na mratibu wamtembelee imamu wa jirani na wamweleze. Si kuomba ruhusa. Ni ujirani, na uvumi ukiota mtaani yeye ndiye wa kwanza kuuzima. Mwekeeni karatasi ya ukweli mbele yake. Mkiona aibu aisome, basi ina maneno ya kurekebisha: semeni "ADF", "Al-Shabaab", kamwe msiseme "Waislamu wameua".

Na yasemwe mimbarini mambo mawili. Mei 2021 sheikh mmoja mjini Beni aliyewapinga ADF hadharani alipigwa risasi akiwa msikitini. Na tarehe 21 Desemba 2015, karibu na Mandera nchini Kenya, Waislamu waliokuwa kwenye basi lililovamiwa na Al-Shabaab walikataa kutenganishwa na abiria Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi katika tukio hilo na akafariki mwezi uliofuata. Kanisa likiondoka limesikia hayo, halitarudi mtaani na chuki.

Miezi kumi na mmoja iliyobaki

Dakika 15 kila mwezi zinatosha, Jumatano ya kwanza au siku ya jumuiya, na mhakiki akisoma mistari mipya ya karatasi. Tarehe mbili zinafaa kuongezwa nguvu: 3 Juni, siku ya mashahidi wa Uganda, na 1 Desemba, kumbukumbu ya Mwenye Heri Anuarite, mtawa aliyeuawa Isiro 1964, ambaye kanisa lile la Komanda limepewa jina lake. Badilisheni mratibu kila mwaka, na mhakiki apumzike miezi mitatu kati ya mwaka. Kusoma mauaji kila wiki humchosha mtu ndani kwa ndani bila yeye kujua.

Shambulio jipya likitokea katikati ya mwaka, saa 24 za kwanza msirushe chochote isipokuwa ombi la sala lenye jina la mahali. Mhakiki atafute vyanzo viwili. Saa 48 zikitimia, ujumbe mmoja mfupi utoke kwa mratibu peke yake: mahali, tarehe, "hawapungui" wangapi, nani ametuhumiwa, tuombe nini. Mweka hazina amuulize mpokeaji kama anahitaji fedha ya dharura kabla hamjatangaza mchango, kwa sababu pengine anachohitaji kwanza ni dawa ambazo tayari ziko Bunia. Siku ya saba rekebisheni idadi kwenye kundi lile lile mlikoirusha. Na mwenye namba ya mtu wa kule ampigie siku ya kwanza kumuuliza kama yuko salama na kama watu wake wote wamepatikana. Maswali ya habari yasubiri.